Jiwe la Mizani

Leo twataka kuzungumza nanyi habari za vipimo.

Katika chuo chetu cha ualimu huwapa wanafunzi meza moja waipime kwa dhiraa, yaani toka kiwiko hata ncha ya kidole cha kati. Meza ni ile ile, lakini majibu hayalingani, kwa kuwa mikono ya watu haina urefu mmoja. Wazee wetu walipima nguo kwa dhiraa na nafaka kwa pishi, vibaba vinne vikiwa pishi moja. Vipimo hivyo viliwatosha watu waliojuana. Haviwatoshi watu wa jiji.

Twendeni sasa sokoni Kariakoo, Dar es Salaam. Tuseme mizani ya muuza mchele yapunja gramu 20 katika kila kilo. Mnunuzi haoni kitu. Lakini akiisha kununua kilo 100, amekosa kilo 2 za chakula cha watoto wake. Haba na haba hujaza kibaba; haba na haba hukipunguza pia. Mkulima naye huumizwa na lumbesa, gunia lililoshindiliwa na kuvikwa kilemba, kisha likanunuliwa kwa bei ya gunia la kawaida. Dawa yake ni kuuza kwa kilo.

Lakini mizani yenyewe hupimwa na nani? Mizani za biashara hukaguliwa na Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002. Vipimo vya taifa hutunzwa katika maabara ya Shirika la Viwango Tanzania, Ubungo, navyo hulinganishwa na vile vya mataifa mengine. Ni kama mnyororo, pete hushika pete.

Toka mwaka 1889 mwisho wa mnyororo huo ulikuwa jiwe moja la mizani, la madini ya platini na iridi, lililofungiwa Sèvres, karibu na Paris. Baada ya miaka 100 hivi wataalamu waliona kwamba jiwe hilo na nakala zake zimeachana kwa kadiri ya sehemu 50 za milioni ya gramu. Basi tarehe 16 Novemba 2018 wajumbe wa mataifa walikutana Versailles wakakata shauri, na toka 20 Mei 2019 kilo haitegemei tena jiwe. Yategemea namba ya Planck, kiasi cha maumbile kisichochakaa wala kuibwa.

Huenda mtu akauliza, "Udogo huo wafaa nini?" Na awatazame mafundi wa Gerezani. Bolti iliyotengenezwa nchi moja huingia sawasawa katika nati ya nchi nyingine, kwa sababu milimita ni moja duniani. Pasipo umoja huo, mashine ikiharibika ingengojea fundi yule yule aliyeiunda. Tena tazameni simu ziuzwazo Mtaa wa Msimbazi. Simu hujua mahali ilipo kwa kupima muda wa mawimbi yatokayo kwenye setilaiti. Saa ya setilaiti ikikosea sehemu moja tu ya milioni ya sekunde, umbali hukosewa mita 300. Kidonge cha homa nacho ni vivyo hivyo: dawa ikipungua haiponyi, ikizidi hudhuru.

Basi, ndugu zetu, mnyororo huu watoka kwa wataalamu wa dunia hata mikononi mwetu. Waweza kuwa imara kote, ukakatika kwenye pete ya mwisho, pale mtu anapokubali kupimiwa kwa macho. Kwa hiyo, mwendapo sokoni, tazameni kama mizani ina alama ya ukaguzi, na kama mshale wasimama kwenye sifuri kabla ya kitu kuwekwa. Kuuliza si ugomvi. Ni haki ya mnunuzi, na muuzaji mwaminifu hachukii.