Punda Naye ni wa Nyumbani

(Hotuba ya Mratibu wa Miradi ya Dayosisi kwa viongozi wa vikundi vya maji na vikundi vya kuweka na kukopa kutoka maeneo kame ya Monduli, Longido na Simanjiro)



 Tunajua wengine mmeanza safari tangu jana.

Mada tuliyopewa inahusu uhusiano kati ya binadamu na wanyama anaowatunza. Tungeweza kuzungumzia ng'ombe mpaka jua lizame bila mtu kuchoka, maana kila mmoja hapa anamjua ng'ombe wake kwa rangi, kwa pembe na kwa mama aliyemzaa. Lakini tumeamua leo tumzungumzie punda. Tunaona baadhi yenu mnacheka. Basi hicho kicheko ndicho kilichotufanya tumchague.

Tuanze na lugha yetu wenyewe. Mtoto akishindwa darasani anaitwa punda. Mtu asiye na shukrani anaambiwa fadhila za punda ni mateke. Na kazi ikiwa ngumu tunasema punda afe, mzigo ufike. Msemo huu wa mwisho tunausikia hata kwenye vikao vya miradi, hasa tarehe ya kupeleka taarifa inapokaribia! Lakini ukiuchunguza utaona hesabu yake haikamiliki. Punda akifa njiani, mzigo haufiki. Unabaki pale pale, na atakayeumalizia ni mama, kwa mgongo wake mwenyewe.

Punda si mgeni kwetu. Mwaka 2022 jarida la Science lilichapisha utafiti wa vinasaba vya punda kutoka sehemu mbalimbali za dunia. Watafiti walieleza kuwa punda wote wanaofugwa wana asili moja, na kwamba walianza kufugwa Afrika Mashariki yapata miaka 7,000 iliyopita. Kwa hiyo punda aliyembeba Bwana wetu kuingia Yerusalemu, ukifuata ukoo wake, mababu zake walitoka upande huu wetu. Hadi leo takriban theluthi mbili ya punda wote duniani wako katika bara la Afrika.

Sasa tuingie bomani. Ukimuuliza baba mwenye boma ana mifugo mingapi, atakutajia ng'ombe, mbuzi na kondoo. Punda hatamtaja mpaka umkumbushe, na hata ukimkumbusha atakwambia, "Hao waulize akina mama." Fomu nyingi za tathmini ya kaya nazo hazina safu ya punda. Haleti maziwa, hatuli nyama yake, halipiwi mahari. Lakini ndiye anayeleta maji, ndiye anayepeleka mahindi mashineni, ndiye anayebeba vyombo na nguzo za nyumba familia inapohama, na mama mjamzito akishindwa kutembea ndiye anayempeleka mpaka barabarani kwenye gari. Katika ukame wa 2009, na tena ule wa 2021 na 2022, ng'ombe walikufa kwa wingi katika wilaya zetu. Punda ni mvumilivu zaidi wa kiu na njaa, na katika bomba nyingi ndiye aliyeendelea kusimama na kuwabebea maji ndama waliokuwa hawawezi tena kufika kisimani.

Kwa kuwa kazi zote hizo ni za akina mama na watoto, uhusiano na punda umekuwa wao. Mama mmoja wa kikundi cha maji tulimuuliza kama punda wake ana jina. Aliliona swali hilo ni la ajabu. Alisema punda haitwi, anajua saa. Alfajiri akisikia madumu yanagongana anakuja mwenyewe mpaka mlangoni na kusimama upande ule ule. Mama huyo alipojifungua, binti yake alichukua zamu ya kwenda kisimani. Binti alirudi akilalamika kuwa punda amekuwa mkaidi, kila akifika mahali fulani anasimama na kukataa kwenda. Mama akacheka. Hapo ndipo alipokuwa akipumzika alipokuwa na mimba. Punda alikuwa anamsubiri aketi.

Wataalamu wa mifugo wanatueleza kuwa punda wana tabia hiyo hiyo ya kushikamana wao kwa wao. Punda wawili waliokaa pamoja kwa miaka huwa marafiki wa kweli. Mmoja akifa, mwenzake anaweza kuacha kula. Kwa punda jambo hilo ni la hatari, kwa sababu asipokula kwa siku chache mafuta ya mwilini humwagika kwa wingi kwenye damu, ini linaharibika, naye anaweza kumfuata mwenzake. Ndiyo maana wanashauri yule aliyebaki aachwe karibu na mwili wa mwenzake kwa muda, aunuse, mpaka aondoke mwenyewe. Sisi tuna fisi, na mzoga hauwezi kulala nje. Lakini saa moja au mbili za mchana zinawezekana kabisa, na hazina gharama yoyote.

Hapo tunafika kwenye jambo linalotusumbua zaidi. Punda haonyeshi maumivu. Mbwa akiumia analia, mbuzi analia, ng'ombe anahangaika. Punda anatulia tu. Ni urithi wa mababu zake wa porini: anayeonyesha udhaifu ndiye anayechaguliwa na simba. Kwa hiyo tunapomwona ametulia tunasema hana shida, tunaongeza dumu jingine. Dalili zake ni ndogo na zinahitaji mtu anayemjua. Masikio yamelala, kichwa kimeshuka, anatafuna polepole, anasimama mbali na wenzake, anapumzisha mguu mmoja muda wote. Mgeni hawezi kuyaona hayo. Mama anayetembea naye kila siku anayaona kabla ya afisa mifugo. Tunasema hivi bila kuwavunjia heshima maafisa wetu waliopo hapa!

Tupige hesabu pamoja. Punda wetu wengi wana uzito wa kilo 150 hivi. Ushauri wa kawaida ni kwamba punda asibebe mgongoni zaidi ya theluthi moja ya uzito wake, yaani kilo 50. Dumu la lita 20 likijaa ni kilo 20. Madumu mawili ni kilo 40, ukiongeza tandiko na kamba umeshafika. Madumu manne ni kilo 80, zaidi ya nusu ya uzito wake, na mara nyingine tunamwona mtoto amekaa juu. Tunafahamu kwa nini madumu yamekuwa manne. Kisima kiko mbali, foleni ni ndefu, na mama hawezi kwenda mara mbili kwa siku. Kwa hiyo hatuwezi kumlaumu mama peke yake. Mahali ambapo bomba limesogezwa karibu, mzigo wa punda umepungua bila semina yoyote. Mahali ambapo bado, mkokoteni uliotengenezwa vizuri unasaidia, kwani punda anaweza kuvuta uzito mkubwa kuliko ule anaoubeba, njia ikiwa tambarare.

Kuhusu vidonda. Mnajua ile alama ya manyoya meusi kwenye mgongo wa punda, mstari mmoja unaofuata uti wa mgongo na mwingine unaoshuka mabegani. Wakristo wa nchi nyingi wamekuwa wakisema ni msalaba aliopewa kwa ajili ya Jumapili ya Mitende. Wanasayansi wanasema ni urithi kutoka kwa punda mwitu wa Afrika. Sisi hatuoni ugomvi hapo. Tunachotaka mkumbuke ni kwamba pale mistari hiyo inapokutana ndipo vidonda vingi vinapoanzia, maana mfupa uko karibu na ngozi na kamba ya nailoni inasugua hapo. Mzigo haupaswi kulala juu ya uti wa mgongo. Unapaswa kulala kwenye mbavu, pande mbili, juu ya tandiko nene lenye mfereji katikati. Gunia kuukuu lililojazwa nyasi kavu linatosha. Kidonda kinaoshwa kwa maji safi yenye chumvi kidogo, na punda anapumzishwa mpaka kipone. Tusipake oili chafu ya gari. Tunajua inafukuza nzi, lakini inaunguza nyama na kuchelewesha kupona.

Wapo wanaoona ajabu mtumishi wa kanisa kuzungumzia mapumziko ya punda. Msome Kutoka sura ya 23. Amri ya kupumzika siku ya saba inamtaja ng'ombe na punda, na mistari michache kabla ya hapo tunaagizwa kumsaidia punda aliyelemewa na mzigo hata kama ni wa mtu anayetuchukia. Nchi yetu nayo ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Hata hivyo, kama Jumapili punda wa familia ndiye anayeleta maji ya kupikia chakula cha wageni baada ya ibada, basi hiyo ni siku ya saba ya kazi. Maji ya Jumapili yachotwe Jumamosi. Wainjilisti, tunaomba mlisimamie hilo.

Sasa biashara ya ngozi. Ngozi ya punda huchemshwa kupata gundi inayotumika katika dawa ya asili ya China iitwayo ejiao. Punda wa China walipopungua, wanunuzi walikuja Afrika. Kenya ilitoa leseni za machinjio, na taasisi yake ya utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, ilieleza kuwa kati ya Aprili 2016 na Desemba 2018 walichinjwa punda zaidi ya 300,000. Hapa Tanzania machinjio yalikuwepo Dodoma na Shinyanga. Bei ilipanda, na wizi ukapanda nayo. Akina mama waliamka asubuhi wakakuta zizi tupu. Mwaka 2022 serikali yetu ilisimamisha uchinjaji huo, na Februari 2024 wakuu wa nchi za Umoja wa Afrika, wakiwa Addis Ababa, walikubaliana kuzuia uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi katika bara zima. Lakini wanunuzi wa usiku bado wanaweza kupita, na mpaka wetu ni mrefu.

Punda hafidiki haraka kama mbuzi. Anabeba mimba kwa takriban miezi kumi na miwili na kuzaa mtoto mmoja, na mtoto huyo anahitaji miaka mitatu hivi kabla hajawa wa kazi. Anayeuza punda wawili leo kwa mnunuzi asiyemjua anapata fedha za mwezi mmoja. Kesho yake asubuhi binti anatolewa shuleni kwenda kisimani. Na mara nyingi aliyeuza si yule anayetembea naye.

Hatusemi punda asiuzwe. Kumuuzia jirani punda wa kazi ni jambo la kawaida, na mara nyingine ndiyo ada ya shule. Wala hatupingi vijana wanaotaka pikipiki za magurudumu matatu. Zinafaa kiangazi, na mafuta yakiwepo. Tunachoomba vikundi vijadili leo ni kuongeza kipengele kimoja kwenye katiba zenu: punda asiwekwe rehani ya mkopo, wala asiuzwe kulipia deni la kikundi, mpaka mama anayemtumia akubali mwenyewe mbele ya wanachama. Tunafahamu wazee kadhaa hapa hawakipendi kipengele hiki. Tumewasikiliza jana jioni, na tumeomba waseme wenyewe kwenye makundi, si mlangoni baada ya kikao.

Makundi yatakaa kwa saa moja. Waliokuja na punda wawafunge chini ya migunga nyuma ya kanisa, wawili wawili na wenzao waliowazoea, ndoo za maji zipo pale. Baada ya chai afisa mifugo atapima kwato na meno, na fundi wa matandiko ataonyesha jinsi ya kushona mfereji wa katikati. Aliye na gunia kuukuu aje nalo.