Kulea Watoto kwa Mshahara Mmoja Wenye Madeni

(Maneno haya yalisemwa na mwanachama wa karakana mbele ya mkutano wa tawi. Yameandikwa hapa kwa faida ya wale waliokuwa zamuni siku hiyo.)



Tumeombwa tuseme juu ya fedha za nyumbani, na hasa juu yetu sisi tunaolea watoto peke yetu, ambao mshahara wetu huwa umekwisha gawanywa na wadai kabla haujafika mkononi. Sisi si mabwana wa benki. Kisomo chetu ni cha shule ya msingi ya misheni, na huko tulifundishwa kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Hesabu hizo nne zatosha kabisa kwa jambo la leo. Kinachopungua si elimu, ni kukaa chini na kuandika.

Kwanza tuondoe aibu. Kati yetu wako wajane, wako wanaume waliofiwa na wake zao, wako walioachwa, na wako ambao hawakuoa wala kuolewa. Watoto wote hao hula chakula kile kile. Mtu asidhani kwamba mshahara haumtoshi kwa sababu yeye ni mjinga. Jambo hili lina asili yake. Mwaka 1954 Kamati ya Carpenter, iliyochunguza mishahara ya Waafrika katika Kenya, ilieleza kwamba mshahara wa chini ulikuwa umepimwa kwa mahitaji ya mtu mmoja asiye na familia, yaani kapera. Ikapendekeza upandishwe hatua kwa hatua hata umfae mtu mwenye mke na watoto. Wazee wetu wa reli waliishi katika landhi za Muthurwa, na mke alibaki shambani akilima chakula. Basi shamba ndilo lililokuwa likilipa sehemu ya mshahara ambayo tajiri hakulipa. Leo mzazi aliye peke yake mjini hana shamba la kumsaidia, wala hana mwenzake wa kuleta fedha ya pili. Ndiyo sababu chama chetu hudai mishahara, na hatutaacha kudai. Lakini watoto hula leo, hawangoji mapatano yatiwe sahihi.

Sasa tufanye hesabu. Tuchukue mfano wa mfanya kazi mwenye watoto watatu, ambaye baada ya makato yote hubakiwa na shilingi 21,000 mkononi. Si mshahara wa mtu fulani, ni mfano tu, kila mtu atatia tarakimu zake.

Kodi ya nyumba, 5,000.
Chakula, shilingi 250 kwa siku, 7,500.
Maji, makaa na taa, 2,000.
Nauli, 1,500.
Mama jirani anayelala na watoto zamu ya usiku, 2,000.
Mahitaji ya shule, 2,000.

Jumla 20,000. Zimebaki 1,000. Nguo hatukutia, dawa hatukutia, wala matanga.

Tena mtu huyu ana madeni matatu. Dukani anadaiwa 3,600. Katika simu amekopa 4,000. Na mkopeshaji wa mtaani, yule watu wamwitaye shailoki, anamdai 10,000 kwa riba ya shilingi 20 kwa kila 100 kwa mwezi. Angalieni hapo vizuri. Riba peke yake ni 2,000 kila mwezi, na mtu huyu amebakiwa na 1,000. Hata akila kwa adabu, asionje tembo, asivute sigara, kila mwezi anarudi nyuma. Kwa mwaka atakuwa amelipa riba ya 24,000, na zile 10,000 bado ziko pale pale kama zilivyokopwa. Wengi huambiwa, "Jibane, ndugu." Kujibana hakuwezi kulishinda deni la namna hii. Lazima deni lenyewe lihamishwe.

Lihamishwe wapi? Katika Sacco. Vyama vingi vya akiba na mikopo hutoza shilingi 1 kwa kila 100 kwa mwezi, tena kwa salio lililobaki tu. Ukichukua 10,000 kwa miezi 12, mwezi wa kwanza utakatwa 833 za deni na 100 za riba, jumla 933. Mwezi wa pili riba imepungua, na wa tatu hivyo hivyo. Mwaka ukiisha umelipa riba ya shilingi 650 tu, na deni limekwisha. Pimeni wenyewe 650 na 24,000. Ile 1,000 iliyobaki, ambayo haikuweza kulipa hata riba ya shailoki, sasa yaweza kulimaliza deni lote.

Siku ya kumlipa shailoki usiende peke yako. Wako wanaochukua kadi ya benki ya mfanya kazi pamoja na nambari yake ya siri, na mshahara ukiingia wao ndio wa kwanza kuutoa. Nenda na shahidi, lipa yote, dai karatasi iliyotiwa sahihi, pokea kadi yako, kisha siku hiyo hiyo nenda benki ubadilishe nambari. Usishangae akikubembeleza ulipe riba tu na deni likae. Riba ndiyo shamba lake.

Deni la simu ni dogo lakini lina meno. Ada ya shilingi 7 na senti 50 kwa kila 100 kwa siku 30 yaonekana kama si kitu. Lakini kwa mkopo wa 4,000 ni shilingi 300, na mtu akilipa leo na kukopa tena kesho, mwaka mzima atatoa 3,600 kwa kuitumia 4,000 ile ile. Dawa yake ni fedha ya ovataimu au posho ya safari. Hiyo isiingie sufuriani. Ikifika, ilipe deni la simu lote kwa mara moja, kisha usirudi. Na kama wadai wa simu wanawapigia ndugu zako au mkubwa wako wa kazi kukuaibisha, ujue kwamba kanuni za Benki Kuu ya Kenya za mwaka 2022 zimewakataza wakopeshaji hao kutisha watu, kutukana, na kuwapigia watu walio katika simu yako bila ruhusa. Andika tarehe na maneno waliyosema, ulete kwa mwakilishi wako.

Mwenye duka hatozi riba, lakini yeye ndiye awalishaye watoto wakati wa shida, kwa hiyo usimpite kwa njia ya nyuma. Mwendee kabla ya mwisho wa mwezi, siyo baada. Mwambie, "Nitakupa 900 kila mwezi kwa miezi 4, na tangu leo nanunua kwa fedha taslimu." Hiyo 900 itatoka wapi? Itatoka katika kupima. Anayenunua mafuta ya kipimo kidogo, sukari ya karatasi na unga wa pakiti kila jioni hulipa zaidi kuliko anayenunua mahindi kwa gorogoro na kuyapeleka kwenye kinu cha posho. Mkiungana nyumba tatu na kununua gunia moja mkagawana, ni nafuu zaidi. Ukiokoa shilingi 30 kwa siku, kwa siku 30 ni 900. Maharagwe yabaki, mboga ibaki, na maziwa ya mtoto mdogo yasiguswe.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo watu hulikata kwanza, nalo ndilo la mwisho kukatwa. Ni zile 2,000 za mama jirani. Mtu wa zamu ya usiku husema, "Binti yangu ana miaka 12, atawalinda wadogo zake." Ndugu zangu, mtoto anayeamka usiku kumnyamazisha mdogo wake husinzia darasani. Kisha hukosa siku moja kwa wiki, kisha mbili, kisha twaambiwa hapendi shule. Kumbe hatukuokoa 2,000. Tumezichukua kwa mtoto, na deni hilo atalilipa maisha yake yote. Tena kuna taa na jiko la makaa ndani ya chumba kimoja, na mzazi yuko kazini hata asubuhi. Afadhali tule sukuma wiki mwezi mzima kuliko kuifuta fedha hii.

Ziko haki ambazo twaziacha kwa kutojua. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 53, yasema baba na mama wana wajibu sawa wa kumtunza mtoto, wawe wameoana au hawakuoana. Kama mzazi mwingine yu hai na ana kazi, nenda kwa afisa wa watoto ukaeleze. Si ugomvi, ni haki ya mtoto. Mjane au mtu aliyefiwa na mkewe aulize katika NSSF kama marehemu alikuwa akichangia, maana yako malipo ya warithi. Na Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yasema makato yote pamoja yasizidi theluthi mbili za mshahara. Yaani theluthi moja lazima ifike nyumbani. Isome hati yako ya mshahara kila mwezi, na ukiona chini ya theluthi, usinung'unike chooni. Ilete ofisini.

Mwisho, neno juu ya udhamini. Twajua hakuna asiyependa kumsaidia mwenzake. Lakini mdhamini hukatwa mkopaji akishindwa, na watoto wa mdhamini nao hula. Kabla ya kutia sahihi, omba kuiona hati ya mshahara ya mwenzako na orodha ya madeni yake. Anayekasirika kwa kuulizwa hivyo, mwache aende. Anayekuonyesha, msimame pamoja naye mpaka amalize.

Basi, Bwana Mwenyekiti, twaomba mkutano huu ukubali mambo matatu. Moja, ofisi ya tawi iweke jioni moja kila mwezi, kabla ya siku ya mshahara, ambayo mwanachama aweza kuleta madeni yake yakaandikwa kwa siri. Pili, wawakilishi wetu watakapokaa na wakubwa juu ya ratiba ya zamu, waseme kwamba mzazi aliye peke yake apewe taarifa mapema ya zamu ya usiku, maana jirani hakodishwi kwa saa moja. Tatu, katika madai yajayo ya mshahara, tutie hesabu ya nyumba yenye watoto kama hii tuliyoisoma, ili mtu asipimiwe tena ukapera.

Ninyi mlio na madeni, jioni ya leo chukueni daftari la mtoto, kurasa ya nyuma, mwandike kila mnachodaiwa, hata kile mnachoona haya kukitaja. Deni lililoandikwa lina mwisho.