Siku Moja Darasani: Kusoma, Kuandika na Kuhesabu

Hotuba iliyotolewa katika maadhimisho ya miaka mia moja ya Usharika



Historia ya usharika huandikwa mara nyingi kwa majina ya wachungaji na tarehe za mawe ya msingi. Lakini katika miteremko ya Kilimanjaro, shule na kanisa vilikua pamoja. Wamisionari wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893, Mamba mwaka 1894 na Moshi mwaka 1896, na mapema walikusanya watoto kuwafundisha herufi. Mahali pengi jengo lile lile la miti na majani lilikuwa darasa siku za kazi na nyumba ya ibada siku ya Jumapili. Hilo si jambo geni kwa Walutheri. Mwaka 1524 Martin Luther aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwasihi wafungue shule, kwa wavulana na kwa wasichana pia.

Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, wamisionari Wajerumani waliondolewa nchini mwaka 1920. Kazi haikufa. Walimu wenyeji, ambao baadhi yao walikuwa wamepitia chuo cha ualimu kilichofunguliwa Marangu mwaka 1912, walishika shule na ibada kwa mikono yao wenyewe. Kwa heshima yao inafaa kuitazama siku moja ya darasa la wakati ule.

Siku hiyo ilianzia nyumbani. Ng'ombe wa Mchagga alilishwa zizini, kwa hiyo mtoto alikata majani na kuteka maji ya mfereji kabla ya kwenda shule. Wazazi wengi waliuliza: mtoto akienda kukaa juu ya gogo asubuhi yote, nani atachunga mbuzi? Kwa binti swali lilikuwa zito zaidi, na hesabu ya wasichana darasani ilikuwa ndogo. Haifai kusahau jambo hilo siku ya sherehe.

Baada ya wimbo na sala lilifuata somo la kusoma. Mwalimu alielekeza fimbo kwenye silabi zilizoandikwa ubaoni, na darasa zima likaitika kwa sauti moja: ba, be, bi, bo, bu. Hapo palikuwa na mtego. Mtoto mwenye sikio jepesi aliweza kukariri ukurasa mzima bila kutambua hata neno moja. Mwalimu mwenye hekima aliujua mtego huo. Alifunika mwanzo wa mstari kwa kiganja, akaweka kidole juu ya neno la katikati, kisha akamwita mtoto mmoja peke yake. Kwa njia hiyo msomaji alipambanuliwa na mwitikaji.

Kisha waliandika. Karatasi ilikuwa ghali, hivyo watoto walitumia kibao cha jiwe na kalamu yake. Aliyekosa kibao aliandika mchangani kwa kidole. Kazi ya asubuhi ilifutwa ili kupisha ya mchana, na hakuna iliyobaki kuonyeshwa leo. Walianza kwa lugha ya nyumbani, kisha wakaingia katika Kiswahili, ambacho tahajia yake ilisawazishwa tangu mwaka 1930 chini ya Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki. Faida ilionekana upesi. Kijana aliyekwenda kufanya kazi mbali aliweza kutuma barua, na mama yake hakuhitaji kumpa mtu baki siri ya nyumba ili amsomee, maadamu alikuwapo mtoto aliyejua.

Hesabu ilikuja mwisho, nayo ilikuwa na uzito wa shambani. Kahawa ilikuwa imeingia katika vihamba. Wakulima waliunda chama chao, KNPA, mwaka 1925, na KNCU ikafuata mwaka 1933. Ratili 50 za kahawa, kila ratili senti 30, ni shilingi ngapi? Mtoto aliyejibu shilingi 15 aliweza kusimama kando ya baba yake penye mizani, na mnunuzi akajua kwamba yupo mtu anayehesabu. Mkulima asiyejua hesabu alipokea alichopewa, akashukuru.

Miaka ikapita. Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule za msingi za mashirika mikononi mwa Serikali. Elimu ya msingi kwa wote ilitangazwa kutekelezwa mwaka 1977, na ada ya shule za msingi, iliyokuwa imerudi, ikafutwa mwaka 2001. Milango ilifunguliwa hata kwa binti aliyezuiwa zamani. Walakini tathmini za miaka ya 2010 zilionyesha kwamba watoto wengi walifika darasa la tatu bila kuweza kusoma hadithi fupi ya darasa la pili. Ndiyo sababu mtaala wa mwaka 2015 uliyarudisha madarasa mawili ya kwanza kwenye KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu.

Hapa ndipo miaka mia moja inapougusa Usharika. Katika madarasa ya kipaimara hutokea kijana anayeitikia Katekisimu vizuri pamoja na wenzake, lakini akipewa kitabu peke yake huinamisha kichwa. Amejifunza kuficha. Kumpitisha kwa sababu ameimba vema pamoja na wengine ni kuusahau ule mkono uliofunika mwanzo wa mstari.

Shule zilikabidhiwa kwa Serikali, watoto hawakukabidhiwa. Usharika una majengo yanayokaa kimya siku za kazi, una walimu wastaafu wenye nguvu, na una akina mama wa chekechea wanaomjua kila mtoto kwa jina la nyumbani. Saa mbili za jioni, mara mbili kwa juma, kwa mtoto mmoja mmoja bila kumwaibisha, si mzigo usiobebeka. Walimu wa kwanza walifanya zaidi ya hayo kwa kibao na mchanga.

Kumbukumbu iliyo bora kwa walimu hao ni mtoto wa nyuma kabisa akiitwa mbele, akiwekewa kidole juu ya neno la katikati, naye akalisoma.

Mungu aubariki Usharika huu na watoto wake. Amina.