Tumbo la gari nalo lahitaji nguo

(Haya ni mazungumzo ya kila wiki kama yalivyosomwa redioni. Tunayachapa kwa ajili ya wasomaji ambao hawakupata nafasi ya kuyasikia.)

Wiki hii nakuomba tuiname kidogo, tutazame mahali ambapo wengi wetu hatuna desturi ya kutazama. Nataka tuzungumze juu ya tumbo la gari.

Ukipita mitaa ya mafundi, iwe Gerezani hapa Dar es Salaam au Kirinyaga Road kule Nairobi, utaona jinsi tunavyoyapenda magari yetu makuukuu ya kwendea porini. Mwenye Land Cruiser ananunua bomba nene la mbele, linalong'aa kama sahani ya arusi. Mwenye Pajero anapanga taa nne juu ya paa. Mwenye Escudo anabandika picha ya simba mlangoni. Hayo ni mapambo, nami sina ugomvi na mapambo. Lakini mwambie mwenye gari ainame achungulie chini ya injini. Mara nyingi atakuta uwazi mtupu. Bakuli la oili, ambalo mafundi huliita sampu, liko nje kama kitovu cha mtoto.

Pale palitakiwa kuwa na bamba la chuma la kuzuia mawe na visiki. Wengine huliita sampugadi, wengine huliita ngao. Mimi leo nitaliita bamba la chini, tuelewane.

Chukua mfano wa safari ambayo kila mtu wa mjini anaifahamu. Habari ya msiba imefika usiku. Asubuhi watu saba wamejazana ndani ya gari moja pamoja na mizigo yao, na springi zimelala. Lami imekwisha. Mvua imekokota udongo wa katikati ya barabara na kuacha jiwe limesimama. Tairi za kushoto zimepita, za kulia zimepita, na jiwe limegonga katikati. Kishindo! Dereva anasema, "Tumevuka," anaongeza mwendo. Nyuma yake oili inachora mstari mweusi barabarani. Taa nyekundu inawaka, lakini watu wanazungumza na hakuna anayeitazama. Dakika chache baadaye vyuma vinasagana vikavu, injini inalia mara moja, kisha kimya. Ufa wa sampu ungezibwa kwa kuchomelea. Injini iliyosagika ni kilio cha pili juu ya kile cha msiba.

Sasa utaniuliza, mbona watengenezaji hawakuliona hilo? Waliliona. Magari mengi ya aina hii yalitoka kiwandani yakiwa na bamba lake. Tatizo ni kwamba gari la miaka ishirini au thelathini limepitia mikono mingi. Siku ya kubadili oili, fundi anafungua bamba ili apate nafasi. Bolti moja imeshika kutu, inakatika. Anarudisha tatu. Safari ya pili zinarudi mbili. Bamba linaanza kupiga kelele kama debe, na mwenye gari mwenyewe anasema, "Ondoa hiyo takataka." Linaegemezwa ukutani, mwisho linauzwa kwa kilo pamoja na skrepa. Hakuna aliyeiba, lakini kinga imepotea.

Kwa hiyo, kabla ya kununua chochote, egesha gari mahali palipo sawa, ulale chini na tochi. Tafuta kwenye chasisi, mbele na nyuma ya injini, matundu yenye hesi ndani yake. Hayo ndiyo makao ya bamba la zamani. Ukiyakuta, nusu ya kazi imekwisha.

Tena si kila gari linaumia mahali pamoja. Land Rover za zamani, na Land Cruiser za aina ya 70 zilizoanza kutoka mwaka 1984, nyingi zina ekseli ya mbele ya kipande kimoja. Ekseli ile imetangulia kulikabili jiwe, na tairi zinapopanda nayo inapanda. Adui wa magari hayo ni jiwe linalogonga difu, au linalopinda vyuma vya usukani vilivyoachwa wazi. Lakini Pajero, Escudo, na Prado zilizoanza kutoka mwaka 1996, kila tairi ya mbele inacheza peke yake. Hapo mwendo ni laini, ila gari linapotumbukia shimoni tairi zinapanda na tumbo linashuka. Yaani nafasi inapungua saa ile ile unapoihitaji. Mwenye gari la namna hiyo asijidanganye kwamba urefu anaouona likiwa limesimama ndio atakaokuwa nao njiani.

Bamba utalipata wapi? Kwanza, kwa wauza spea zilizotumika. Usiende kuomba "bamba la Pajero", kwani Pajero ziko za miaka mingi na injini mbalimbali. Nenda na mwaka wa gari, jina la injini, na vipimo vya umbali kati ya matundu uliyoyakuta kwenye chasisi. Likipatikana, lipige kwa nyundo ndogo. Likitoa mlio wa bati lililoliwa na kutu, liache. Bamba lililopinda si kitu, hunyooshwa. Lililooza halitibiki.

Pili, ni kutengenezesha, na mafundi wetu wa kuchomelea wanaiweza kazi hii bila shaka yoyote. Mwambie fundi aanze na boksi la karatasi ngumu, alikate, alijaribishe chini ya gari, atie alama za matundu, ndipo aguse chuma. Kukosea karatasi hakuna hasara.

Chuma kiwe cha unene gani? Tufanye hesabu. Bamba la sentimita 80 kwa 60, likiwa chuma cha milimita 3, lina uzito wa kilo 11 hivi. Likiwa la milimita 4 ni kilo 15, na la milimita 5 linakaribia kilo 19. Kwa safari za kawaida, milimita 3 zilizokunjwa kingo zake vizuri zinatosha. Anayeingia penye mawe kila wiki achukue 4. Kukunja kingo ndiko kunakoleta ugumu, maana bamba bapa lisilokunjwa huinama kama sinia. Aluminiamu ya milimita 6 kwa ukubwa huo huo haifiki kilo 8, wala haishiki kutu kama chuma. Lakini ikipasuka huko mashambani, fundi wa kuichomelea ni wa kutafuta kwa tochi. Chuma cha kawaida kila mji mdogo wenye umeme una mtu wa kukichomelea.

Nisisahau jambo moja. Ukiletewa bamba la bei ya kutupa, lililokatwa kutoka katika vyuma vya kingo za barabara au kibao cha alama, likatae. Chuma kile kilikuwa kinazuia basi lisitumbukie korongoni. Huwezi kulikinga gari lako kwa kuwavua wengine kinga yao. Isitoshe, chuma kilichopakwa zinki kikichomelewa hutoa moshi unaomdhuru fundi.

Sasa tufunge. Gari lisipandishwe kwa jeki peke yake mtu akaingia chini. Jeki ni ya kuinulia, haikuumbwa kulinda uhai wa mtu. Weka stendi za chuma au magogo mapana chini ya chasisi, na uzuie tairi zisibingirike. Bolti zilizooza ziloweshwe mafuta ya kulainisha tangu jana yake. Kama kuna kuchomelea chochote kwenye gari lenyewe, betri ifunguliwe waya, na tangi na mipira ya mafuta viwe mbali na cheche.

Bamba lishikwe na chasisi, kamwe lisishikwe na injini wala giaboksi. Injini imekaa juu ya mipira nayo inatikisika. Ukiifunga pamoja na bamba, kila jiwe utakalogonga litapelekwa moja kwa moja pale ulipotaka kulinda. Acha nafasi ya vidole viwili hivi kati ya bamba na sampu, ili bamba likibonyea lisiifikie. Tumia bolti zenye alama 8.8 kichwani, zipakwe grisi, na usikubali bamba lichomelewe moja kwa moja kwenye chasisi. Siku ya kubadili klachi utamtafuta fundi mwenye grenda. Vichwa vya bolti navyo vizungushiwe pete ya chuma au vizamishwe, la sivyo jiwe la kwanza litavinyoa.

Kama yanawekwa mabamba mawili, moja la injini na jingine la giaboksi, yapangwe kama mabati ya nyumba. Ukingo wa nyuma wa bamba la mbele uwe chini ya ukingo wa bamba linalofuata. Ukiyapanga kinyume, bamba la nyuma litakuwa jembe linalolima barabara.

Yako pia madhara, na ni haki tuyaseme. Bamba lisilo na matundu ya hewa huzuia joto lisitoke, basi yatobolewe matundu, pamoja na tundu kubwa la kumwagia oili, ili fundi asipate kisingizio cha kulifungua. Tope hujaa juu yake, likikauka linakula chuma kimya kimya, kwa hiyo osheni na huko juu. Pia bamba hukusanya oili inayovuja. Zamani ulikuwa ukiona tone pale ulipoegesha, sasa hulioni. Dawa yake ni kuvuta kile kijiti cha kupimia oili kila asubuhi ya safari.

La hatari kuliko yote ni majani makavu. Ukipita mbugani wakati wa kiangazi, nyasi huingia kati ya bamba na bomba la moshi, na bomba lile likipata moto huweza kuziwasha. Simama mara kwa mara, piga goti, zitoe kwa fimbo. Gari zima limeweza kuungua kwa konzi moja ya nyasi.

Magari ya mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953, yamekuwa yakivalishwa kinga ya chini kabla ya kupambana na mawe ya barabara zetu. Wale ni madereva bingwa, wenye mafundi wa kuwahudumia. Sisi tunaobeba watoto na wazee, na nyuma yetu hatufuatwi na mtu, tuna sababu gani ya kwenda uchi?

Sisemi kwamba mwenye gari lisiloacha lami akimbilie kuchomelewa chuma. Wala bamba lisimfanye mtu apande kila jiwe kwa sababu amevaa ngao. Dereva mwenye akili hushuka, akaukagua mto kwa miguu, ndipo akapita.

Lakini wewe ambaye sikukuu na misiba hukuita kijijini, fanya jambo moja juma hili. Lala chini uangalie. Kama bamba lipo, hesabu bolti zake, na zilizopungua zirudishwe. Na siku ukilipeleka gari gereji, zihesabu mbele ya fundi wakati wa kukabidhi na wakati wa kupokea. Fundi mwema hatachukia. Kinga ya gari huondoka bolti moja moja, nasi wenye magari ndio tunaoiruhusu iondoke.

Hadi wiki ijayo, panapo majaliwa, nakutakia safari njema.