Vigari vya Kusubu na Uchache wa Kutengenezwa

Mada ya leo ni ukusanyaji wa vigari vya kusubu vinavyoiga magari ya Marekani ya miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, yale ambayo Wamarekani wenyewe huyaita magari ya misuli, na hasa vile vigari vinavyotolewa kwa idadi maalumu, kila kimoja kikiwa na namba yake na cheti chake. Kusubu ni kuyeyusha metali na kuitia ndani ya kalibu ili igande kwa umbo linalotakiwa, na kigari cha aina hii, tofauti na kile cha plastiki, huwa kizito mkononi na baridi kinaposhikwa. Hoja itakayofuatwa hapa ni kwamba uchache wa magari halisi na uchache wa vigari vinavyoyaiga una asili mbili tofauti kabisa, na kwamba bei ambazo wakusanyaji hulipa hazieleweki mpaka tofauti hiyo ifafanuliwe.

Gari ambalo wengi hulihesabu kuwa la kwanza katika kundi hili ni Pontiac GTO la mwaka 1964. Kampuni mama ya Pontiac, General Motors, ilikuwa na kanuni kwamba magari yake ya ukubwa wa wastani yasifungwe injini inayozidi inchi za ujazo 330, yaani takribani lita 5.4, lakini wahandisi wa Pontiac waliokuwa chini ya John DeLorean walitambua kwamba kanuni hiyo haikugusa vifaa vya ziada ambavyo mnunuzi huviagiza kwa hiari yake; basi injini ya inchi 389, yaani lita 6.4, ikaingizwa kimyakimya katika orodha ya vifaa vya ziada vya gari la Tempest LeMans. Yalitarajiwa kuuzwa magari 5,000, yakauzwa 32,450. Washindani hawakukawia kufuata, na kwa muda wa miaka kama saba kampuni za magari za Detroit zikawa zinashindana kutia injini kubwa ya silinda 8 ndani ya gari la milango miwili ambalo kijana mwenye kazi ya kawaida angeweza kulinunua kwa mkopo.

Magari hayo, basi, kwa asili yake hayakuwa adimu. Uadimu uliingia kwa mlango mwingine, nao ni mlango wa kanuni za mashindano. NASCAR, chama kinachosimamia mbio za magari yenye asili ya barabarani, kilidai kwamba gari lisiingie uwanjani mpaka kiwanda kiwe kimetengeneza idadi fulani kwa ajili ya wanunuzi wa kawaida, na mwaka 1969 idadi hiyo ilikuwa 500. Dodge ikatengeneza Charger Daytona 503, yenye pua iliyochongoka na bawa refu juu ya buti, bila kuongeza hata moja zaidi ya yaliyohitajika kwa usalama wa hesabu. Mwaka uliofuata kanuni ilikazwa, na Plymouth ikalazimika kutengeneza takribani 1,900 ya gari lake la Superbird, ambalo wateja wengi waliliona kama kituko, hata baadhi ya mawakala wakaling'oa bawa na pua na kuligeuza kuwa Road Runner la kawaida ili walau lipate mnunuzi.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Chevrolet Camaro ZL1 la mwaka 1969. Katika kampuni hiyo kulikuwa na utaratibu wa maagizo ya ofisi kuu, uliofahamika kwa herufi COPO, ambao ulikusudiwa watu wanaonunua magari mengi kwa mpigo, kama vile idara za polisi na wenye teksi, na ulimruhusu mnunuzi kuomba kitu kisichokuwamo katika orodha ya kawaida. Wakala mmoja wa mji mdogo wa La Harpe, jimboni Illinois, aitwaye Fred Gibb, aliutumia utaratibu huo kuagiza Camaro 50 zenye injini ya alumini ya inchi 427, iliyobuniwa kwa ajili ya mbio. Injini peke yake iliongeza zaidi ya dola 4,000 kwenye bei, na gari zima likavuka dola 7,000 wakati ambapo Camaro ya kawaida ilipatikana chini ya dola 3,000. Wanunuzi hawakujitokeza, sehemu kubwa ya shehena ikarudishwa kiwandani kugawiwa mawakala wengine, na jumla ya yote yaliyotengenezwa ikakomea 69. Kwa hiyo uchache wa ZL1 haukupangwa na mtu yeyote. Ni matokeo ya biashara iliyokwama.

Zama hizo zilikwisha haraka. Kampuni za bima zilipandisha ada kwa vijana waliomiliki magari ya nguvu, sheria ya hewa safi ya mwaka 1970 ikaja na masharti juu ya moshi, General Motors ikapunguza nguvu za injini zake kuanzia mwaka 1971, na zuio la mafuta la mwaka 1973 likamaliza kilichobaki. Magari yaliyokuwa yamezeeka uani kwa watu yakaanza kutafutwa baada ya miongo michache, na mwaka 2014 Plymouth Hemi 'Cuda moja ya mwaka 1971, ya paa la kukunja, iliuzwa mnadani mjini Seattle kwa dola milioni 3.5. Kwa bei za namna hiyo, mtu wa kipato cha kawaida aliyeyatamani magari hayo ujanani alibakiwa na njia moja ya kuyamiliki, nayo ilikuwa kuyaweka kabatini.

Ufundi uliowezesha jambo hilo ni wa zamani kuliko magari yenyewe. Kampuni ya familia ya Dowst mjini Chicago ilichukua mashine za kusubu zilizofanana na zile za wapiga chapa, ikasubu vitu vidogo vya mapambo na hatimaye vigari vilivyouzwa kwa jina la Tootsietoy. Metali iliyotumiwa mwanzoni ilikuwa na risasi nyingi, na badiliko kubwa lilikuja mwaka 1929, pale kampuni ya New Jersey Zinc ilipotoa aloi iitwayo zamak, yaani mchanganyiko wa zinki na kiasi kidogo cha alumini, magnesi na shaba. Zamak huyeyuka kwenye nyuzi joto takribani 385 za Selsiasi, joto ambalo kalibu ya chuma cha pua hulistahimili kwa maelfu ya mizunguko, na inaposukumwa kwa shinikizo hupenya hadi kwenye pembe ndogo kabisa za umbo.

Mwaka 1968 kampuni ya Mattel ya California ilitoa vigari 16 vya kwanza vya Hot Wheels, vya kipimo cha 1:64, ambacho maana yake ni kwamba urefu wa gari halisi umegawanywa kwa 64. Camaro, Mustang, Firebird na Barracuda zilikuwa miongoni mwake. Mbunifu wake, Harry Bentley Bradley, alikuwa ametoka General Motors, na rangi yake ilikuwa vanishi angavu iliyopakwa juu ya metali iliyong'arishwa, hata mng'ao ukaonekana kutoka chini ya rangi. Mwaka uliofuata kampuni ya Topper, ya Henry Orenstein, ilijibu kwa vigari vya Johnny Lightning. Vyote vilikuwa vitu vya watoto, vikaserereshwa kwenye njia za plastiki mpaka rangi ikabanduka, na ndiyo maana kile kilichosalia kizima leo kina thamani: uchache wake, kama ule wa ZL1, haukukusudiwa.

Uchache wa makusudi ni jambo la miaka ya 1990. Mwaka 1994 Tom Lowe, kupitia kampuni yake ya Playing Mantis, alilifufua jina la Johnny Lightning akiwalenga watu wazima, na mwaka 1995 Mattel ilianzisha mfululizo wa Treasure Hunt, wa vigari 12, kila kimoja kikitolewa nakala 10,000 tu na kuchanganywa na vya kawaida madukani bila tangazo. Wakati huohuo Ertl ya Iowa, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1945 na Fred Ertl kwa kusubu matrekta ya kuchezea kutokana na pistoni za ndege zilizoyeyushwa, iliuza mfululizo wa American Muscle wa kipimo cha 1:18, ambapo Camaro huwa na urefu wa sentimita 26 hivi, milango yake hufunguka na usukani wake hugeuza magurudumu. Juu ya hao walikuwapo Franklin Mint na Danbury Mint, waliouza vigari vya kipimo cha 1:24 kwa njia ya posta na kwa malipo ya awamu, na baadaye GMP na Highway 61, waliotia hadi nyaya za plagi ndani ya boneti.

Inafaa kueleza jinsi toleo la idadi maalumu linavyofanya kazi, kwa kuwa wengi hulielewa vibaya. Kalibu ni ghali mno, na hakuna mtengenezaji anayeweza kuirudisha gharama yake kwa nakala mia chache. Kwa hiyo kalibu ileile hutoa kundi la rangi nyekundu, kisha la buluu lenye michirizi myeupe, kisha la gari la mbio lenye namba mlangoni, na kila kundi huhesabiwa kuwa toleo linalojitegemea. Kilichowekewa ukomo ni rangi na nembo, wala si umbo. Matokeo yake huchekesha kidogo: Camaro ZL1 halisi zilikuwa 69, ilhali toleo moja tu la kigari chake, lenye cheti kinachotangaza uadimu, laweza kuwa la nakala mia kadhaa au elfu na zaidi. Si haki kuuita utaratibu huo udanganyifu, kwani namba huchapishwa waziwazi, lakini mnunuzi anayetarajia kigari chake kipande bei kama gari lenyewe amechanganya mambo mawili.

Mkusanyaji mzoefu huangalia kitu kingine kabla ya cheti. Hutazama nafasi kati ya mlango na bodi, kisha unene wa rangi, maana rangi haipunguzwi kwa kipimo: tabaka la sehemu moja ya kumi ya milimita kwenye kigari cha 1:18 ni sawa na tabaka la karibu milimita mbili kwenye gari zima, na hufukia herufi za nembo zilizochongwa kwenye metali. Hatimaye hupapasa ukingo wa boneti, kwa sababu kalibu iliyochakaa huacha ukingo butu na utando mwembamba wa metali penye kiungo, na nakala za matoleo ya mwisho huonyesha dalili hizo hata zikiwa na namba ndogo.

Uhifadhi nao una maradhi yake. Zamak iliyochafuliwa na risasi, hata kwa kiasi kidogo sana, hupasuka polepole kutoka ndani mpaka kigari kikamomonyoka kikiwa ndani ya sanduku lake, na ugonjwa huo hauna tiba. Matairi laini hutoa kemikali zinazoyeyusha plastiki yanayoigusa, kwa hiyo kigari kisichowahi kutolewa kwenye sanduku, ambacho sokoni hupewa bei ya juu, si lazima kiwe ndicho kilichohifadhiwa vyema.

Katika miaka ya karibuni, gharama za kalibu na za kazi katika viwanda vya China zilipopanda, watengenezaji kadhaa waligeukia utomvu wa viwandani unaomiminwa ndani ya kalibu za silikoni. Kalibu hizo ni rahisi kutengeneza, lakini huchakaa baada ya nakala makumi machache, na hivyo zinafaa kwa matoleo madogo tangu mwanzo. Vigari vya utomvu vina kingo kali na maumbo sahihi, ila vingi havina mlango wala boneti inayofunguka, na wapo wakusanyaji wa magari ya misuli wasiokubali kuvinunua, wakiuliza kwa nini walipie gari ambalo injini yake haionekani.