Haki ya Mgonjwa Kumsaili Daktari Mpasuaji



Mada niliyokabidhiwa yahusu namna mgonjwa awezavyo kumchagua daktari mpasuaji na kuzungumza naye. Nami nitatanguliza mazungumzo, kwa kuwa wengi wa wanaopasuliwa katika nchi yetu hawana nafasi kubwa ya kuchagua, ilhali ya kuuliza wanayo wote.

Mwaka 2007, katika hospitali kubwa mojawapo jijini Dar es Salaam, wagonjwa wawili walioshabihiana jina la kwanza walibadilishwa: aliyekuja kutibiwa goti akapasuliwa kichwa, na aliyeugua kichwa akapasuliwa goti. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani likatoa orodha ya mambo 19 ya kuhakikishwa katika kila upasuaji, na miongoni mwa hospitali 8 za ulimwenguni zilizoifanyia majaribio, moja ilikuwa ya Ifakara, hapa Tanzania. Na kwa jumla ya hospitali hizo vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Nawaombeni mzingatie kwamba jambo la kwanza katika orodha hiyo ni mgonjwa mwenyewe, kabla hajapewa dawa ya usingizi, kuthibitisha jina lake, mahali atakapopasuliwa, aina ya upasuaji na ridhaa yake. Basi kauli ya mgonjwa ni sehemu ya tiba, wala anayeuliza hamkosei daktari adabu.

Katika maswali yote, lililo na manufaa zaidi, na ambalo aghalabu haliulizwi, ni hili: nisipopasuliwa, itakuwaje? Mzee mwenye ngiri isiyomuuma na inayorudi ndani kwa urahisi aweza, kwa shauri la daktari wake, kusubiri huku akiangaliwa. Bali ngiri iliyonaswa, ikawa ngumu, yenye maumivu na kutapika, haingoji hata kesho, kwani utumbo uliokosa damu huoza. Jina la ugonjwa ni moja, hukumu zake mbili, na mgonjwa hatajua yeye yu wapi mpaka aulize.

Daktari naye ana haki ya kuambiwa kweli. Jamaa humpenyezea mgonjwa uji alfajiri ya siku ya upasuaji kwa huruma, kisha wakaficha, wasijue kwamba chakula kilichomo tumboni chaweza kupanda wakati wa usingizi kikaingia mapafuni na kumwua. Kadhalika dawa za miti shamba, na dawa iliyowahi kumdhuru, zisisitiriwe kwa haya. Na ikiwa mna jambo mgonjwa asilopenda kulitaja mbele ya shemeji au mkwe, aombe faragha, naye apewe.

Ama kuhusu kuchagua, la awali ni ithibati kwamba daktari amesajiliwa na baraza la madaktari na ana leseni iliyo hai. Lakini cheo peke yake hakitoshi. Katika hospitali za wilaya za Tanzania, tangu miaka ya 1960, madaktari wasaidizi wamewapasua kina mama wengi wakati wa uzazi, na mkono uliozoea kazi hiyo wastahili heshima. Kwa hiyo mgonjwa aulize ni nani hasa atakayempasua, amekwisha kufanya upasuaji wa namna ile mara ngapi, na ni nani atakayempa dawa ya usingizi na kumwangalia mpaka azinduke. Daktari anayejibu maswali haya kwa utulivu amekwisha kutoa sehemu ya ushahidi wa ustadi wake. Anayeghadhibika, na hali si ya dharura, mgonjwa ana ruhusa ya kutafuta rai ya mwingine.

Pendekezo langu kwa semina hii ni moja. Fomu ya ridhaa inayotiwa sahihi mlangoni mwa chumba cha upasuaji, mgonjwa akiwa tayari juu ya machela, si ridhaa. Isipokuwa katika dharura, na isomwe kwa Kiswahili siku moja kabla, mbele ya daktari atakayepasua, kisha mgonjwa aombwe kueleza kwa maneno yake mwenyewe atakalofanyiwa. Na asipoweza, asomewe na kufafanuliwa tena kabla ya kupewa kalamu.