KIMYA CHA MKUTANONI NA MANENO YA NJIANI

(Hotuba kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Nkowe)



Mwanadamu ana tabia moja ambayo haina budi kutazamwa katika ushirika: hunyamaza mahali panapohitaji maneno yake, kisha husema mahali ambapo maneno hayo hayamfai mtu. Mkulima hupeleka ufuta ghalani, akaona uzito ulioandikwa katika stakabadhi haulingani na ule alioupima nyumbani. Huipokea karatasi, huikunja na kuitia mfukoni. Katika mkutano mkuu, Mwenyekiti anapouliza, "Kuna swali?" watu hutazama chini. Mkutano ukifungwa, hesabu zote huanza kujadiliwa njiani, kisimani na kwenye bao.

Kimya hiki hakitokani na ujinga. Mmoja huona haya kwa kuwa Katibu ni shemeji yake, na kesho watakutana msibani. Mwingine huogopa kuitwa mchochezi. Akina mama walioketi nyuma hungoja wazee wamalize, na wazee wakimaliza jua limekwisha kuchwa. Heshima ni jambo jema. Lakini heshima inayoficha kilo za mkulima huwa mzigo kwa wote. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Wenyeji wa Nachingwea na Ruangwa wana historia ya kuwaonya. Mwaka 1946 wajumbe kutoka Uingereza walizunguka Afrika ya Mashariki kwa muda wa wiki tisa hivi, na kwa taarifa yao Mpango wa Karanga ukaanzishwa mwaka 1947 katika sehemu za Kongwa, Urambo na Nachingwea. Uamuzi ulikatwa London. Mkulima hakuwa na kura. Mashine chakavu, ardhi ngumu na mvua haba ziliushinda mpango huo, ukaachwa mwaka 1951 baada ya kuteketeza paundi milioni 36 hivi. Reli ya Nachingwea nayo iling'olewa baadaye.

Wazee wa wakati ule hawakuulizwa. Mwanachama wa leo anaulizwa. Mkutano mkuu ndio wenye kauli ya mwisho katika chama, na kila mwanachama ana kura moja, mwenye gunia moja sawasawa na mwenye magunia mia. Anayenyamaza huirudisha kwa mkono wake haki ambayo wazee wake walinyimwa.

Hata hivyo, lawama isimwangukie mwanachama peke yake. Katibu anayesoma mapato na matumizi mbiombio, au anayelipokea swali kama tusi, ndiye anayefunga midomo ya watu. Yampasa aandike ubaoni makato ya kila kilo kabla ya siku ya mkutano. Apime gunia upya mbele ya mwenyewe pasipo kununa. Na amwulize kwanza aliyeketi nyuma.

Madhara ya kimya huonekana msimu unaofuata. Mwanachama aliyekata tamaa hagombani na mtu. Huuza korosho zake kwa kangomba, usiku, kwa kipimo kisichokaguliwa na kwa bei ya mwenye shida, na chama hakijui kilimpoteza lini. Swali lililoulizwa huweza kuudhi kwa saa moja. Lisiloulizwa huliacha ghala tupu msimu mzima.